Mota ipi, propela ipi, betri ipi? Ndege ya redio ya kujifunzia (trena) ya fomu, mita 1.2, na kusi ndiyo hiyo imeanza

mwewe_wa_kisauni

Salam aleikum wadau, naomba msaada kabla sijachoma kitu. Nimemaliza kuunda trena ya fomu bodi (lile povu gumu lenye karatasi), bawa liko juu, urefu wake mita 1.2 na upana sentimita 20 hivi, servo nne za gramu 9 (vile vimota vya usukani). Nimeipima kwa mizani ya mama ya kupimia unga, na kifuko cha mchanga mahali pa betri, imekuja gramu 950 tayari kuruka. Hapa kwa umeme ndio nimekwama.

Kwa droo nina mota tatu. Moja 2212 ya 1400kv, moja 2212 ya 1000kv, na ya tatu ilitoka kwa drone ilokufa, maandishi yamefutika yote. Propela nina 8x4 (kipenyo na pichi kwa inchi), 9x6 na 10x4.7 ile nyembamba ya kupinda. ESC (kidhibiti cha mwendo wa mota) moja ya ampea 30. Betri ndio balaa, lipo yangu (betri ya lithiamu) ya 3S 2200, yaani seli tatu za mAh 2200, imefura tumbo, halafu kuna jirani fundi wa laptop amenipa seli za 18650 mfuko mzima ati nikazifunge mwenyewe.

Dukani nimeambiwa chukua 1400 uipe propela kubwa unayoipata, kv nyingi ndio nguvu nyingi. Kwa grupu la WhatsApp mwengine akanambia kinyume, kv ndogo ndio yenye nguvu. Mie nataka ipande vizuri na isirudishwe nyuma na upepo, maana narusha ufuoni asubuhi maji yakikupwa na mwaijua kusi ikiamka. Na tafadhali msinambie ninunue kila kitu kipya, pesa ya betri yenyewe bado naitafuta.

kipanga_bamburi

1400 na 8x4, 3S, maliza. Mie hivyo ndivyo narusha na sina shida.

fundi_wa_tudor

Waleikum salam. Kwanza hiyo lipo ilofura usiichaji tena hata kwa kujaribu, na usilale nayo ndani ya nyumba. Itoe nje mahali pasipo na kitu cha kushika moto, iunge na balbu ya gari ya volti 12 uiache ijimalize mpaka volti ziishe, ndio uitupe. Ile tumbo ni gesi, kemikali za ndani zishaharibika, hairudi.

Sasa mota. Hao wawili walokushauri wote wamekuzungusha tu. Kv ni mizunguko kwa dakika kwa kila volti 1 mota ikizunguka tupu bila propela, basi, haikwambii nguvu hata chembe. Yako ya 1000kv kwa volti 11.1 yataka kuzunguka mara 11,100, ukiifunga propela yashuka mpaka kama robo tatu ya hapo, elfu 8 na kitu. Nguvu ni wati, na mota yaweza kubeba wati ngapi hilo laangaliwa kwa mwili wake, shaba na chuma na sumaku zilizomo. Hizo zako mbili ni 2212 zote, kwa kawaida yaani stata (ile sehemu ya waya isiyozunguka) ina kipenyo cha milimita 22 na kimo cha 12 (watengenezaji wengine hupima gamba la nje, kwa hivyo mizani ya gramu ndiyo usiitilie shaka), zina gramu 50 na kitu kila moja na zote zitabeba karibu wati zile zile, 150 mpaka 180 hivi kama zapata hewa ya kutosha. Tofauti ni waya umezungushwa mara ngapi. Yenye kv nyingi yataka propela ndogo ya mbio, yenye kv kidogo yataka propela kubwa ya taratibu. Ni kama gia za baiskeli, mguu ni ule ule.

Kwa hivyo mota iweke kando kwanza, uliza ndege. Kanuni ya wazee wa umeme ilikuwa wati 100 kwa pauni, kwa kilo ni kama 220. Glaida ya polepole yaridhika na 110 mpaka 150 kwa kilo, trena 150 mpaka 220, ya kucheza michezo 220 mpaka 300, na zile za kuning'inia wima kwa propela anza 350 kwenda juu. Yako ni kilo 0.95, basi wahitaji kati ya 145 na 210. Lenga 160 au 170 uwe na pumzi ya kupandia.

Wati 170 ugawe kwa volti za betri ikiwa kazini, sio zile za kwenye lebo. Lipo ya 3S imejaa ina 12.6 lakini ukifungua throtoli yote yashuka mpaka 10.8 hivi, kwa hivyo ni kama ampea 15 na nusu mpaka 16. ESC yako ya 30 yatosha na yabaki, hapo usiongeze hata shilingi. Hiyo nafasi waihitaji kwa sababu ya joto la kwetu, ESC ilofungiwa ndani ya fomu saa sita mchana haipumui.

Hesabu ya propela wengi huiruka. Mzigo wa propela waenda na kipenyo kikijizidisha mara nne, mara pichi (umbali propela ingesonga mbele kwa mzunguko mmoja), mara mizunguko ikijizidisha mara tatu. Usiogope, fanya tu ulinganisho. Kwa mizunguko sawa 10x4.7 yako ni 10 x 10 x 10 x 10 x 4.7, yaani 47,000. Ile 9x6 ni kama 39,400. Ile 8x4 ni 16,400 tu. Kwa hivyo inchi moja ya kipenyo yala kuliko inchi moja ya pichi. Sasa 1400 kwa 1000 ni mara 1.4, ukiijizidisha mara tatu yawa kama 2.7. Zidisha 16,400 kwa 2.7 wapata 45,000 hivi. Waona? 1400 na 8x4 yala umeme karibu sawa na 1000 na 10x4.7. Ndio maana kipanga hapo juu hana shida.

Lakini chukua ushauri wa dukani, 1400 na propela ya inchi 10. Hapo ni 47,000 mara 2.7, karibu 129,000, mzigo mara tatu ya ule mota inaouweza. Kihesabu tu hiyo, kwa kweli haitafika kwa sababu betri itazama na mizunguko itashuka, lakini kabla ya hapo waya wa stata utakuwa ushabadilika kutoka rangi ya shaba inayong'aa hadi kahawia na ile harufu ya vanishi wataisikia mpaka majirani. ESC nayo yaweza kutangulia. Huyo alokwambia hivyo ana mota nyengine ya kukuuzia.

mwewe_wa_kisauni

Mashaallah fundi, hii ndio mara ya kwanza mtu ananieleza nikaelewa. Kwa hivyo ni sawa tu 1000 na 10x4.7 au 1400 na 8x4, nichague yoyote? Na 9x6 nimeinunulia nini?

fundi_wa_tudor

Kwa umeme ni karibu sawa, kwa hewani si sawa. Propela kubwa inayozunguka taratibu yasukuma hewa nyingi kwa upole na kwa wati zile zile yakupa msukumo mwingi zaidi, ndege yapanda vizuri na betri yadumu. Ile ndogo ya mbio yakupa mwendo.

Na kwa kusi mwendo ndio unaohesabika. Kila propela ina mwendo wake wa mwisho, pichi mara mizunguko. Njia ya haraka: pichi kwa inchi, mara mizunguko kwa dakika, mara 0.0015, wapata kilomita kwa saa. Ile 10x4.7 kwa mizunguko 8,000 ni kama 57. 8x4 kwenye 1400 kwa mizunguko 11,600 ni kama 70. Na 9x6 kwenye 1000, ambayo yazunguka kidogo zaidi kwa sababu mzigo wake ni mdogo, 8,300 hivi, ni karibu 76.

Ndege yako, kwa bawa la mita 1.2 kwa sentimita 20 na uzito huo, nakadiria yaanguka ikiwa chini ya kilomita 28 kwa saa. Wataalamu hupenda mwendo wa propela uwe kama mara 2 na nusu ya hapo, yaani 70. Ile ya 57 siku ya shwari yapendeza, siku ya kusi ndege itasimama pale pale angani ikiutazama upepo na wewe wafurahia wadhani wairusha, kumbe yarudi nyuma kuelekea minazi. Kwa hivyo jibu langu ni 1000kv na 9x6. Yala kidogo kuliko zile nyengine mbili na ina mbio.

kipanga_bamburi

Naomba nipinge kidogo. Fundi hesabu zako sina ubishi nazo ila hukuuliza ndege yatua vipi. Mwewe ndege yako ina magurudumu? Kama ni ya kutua kwa tumbo kwenye mchanga, propela ya 9 au 10 itavunjika kila siku, ya 8 haigusi sana, na yenyewe ni bei rahisi. Halafu propela kubwa ikikita mchanga yapinda shafti, hapo mota nzima ishaenda. Mie siangalii dakika mbili za betri, naangalia nimebaki na propela ngapi kwa mfuko.

fundi_wa_tudor

Hilo ni la kweli nalikubali. Kama ni tumbo, funga propela kwa ile mipira ya kishikio cha propela, ikigonga yaruka pembeni badala ya kuvunjika. Na uset breki kwenye ESC ili throtoli ikiwa sifuri propela isimame, halafu utue propela ikiwa imelala.

ami_wa_glo

Vijana nyie na wati zenu. Mie nimekulia kwenye injini za glo (zile ndogo za mafuta), mikono yanuka mafuta ya kastoro mpaka kesho yake, na sikujua wati ni nini, ilikuwa ni injini ya 15 au ya 40 basi. Lakini sikatai, umeme umetushinda. Na msidhani ni kitu cha jana, kanali mmoja wa Uingereza, Taplin, alirusha ndege ya redio kwa umeme tarehe 30 Juni 1957, yaitwa Radio Queen, na betri zake zilikuwa za fedha na zinki, mzigo. Miaka yote baada ya hapo tulikuwa twawacheka watu wa umeme kwa sababu ya uzito wa betri, mpaka lipo zikaja na mota zisizo na brashi tukanyamaza.

Nlilotaka kusema mie ni hili, na fundi hakuligusa. Ukishachagua hiyo mota usiifunge imenyooka mbele. Trena ya bawa juu ukifungua throtoli yainua pua yenyewe, na propela yaivuta kushoto. Ielekeze mota chini nyuzi 2 au 3 na kulia 2, weka vipande vidogo vyembamba kati ya mota na ndege kwenye skrubu, hata kipande cha kadi ya simu chatosha. Wengi wakiona ndege yaruka juu kama punda waenda kutafuta mota ndogo, kumbe mota haina kosa. Pia betri ndio kitu kizito kushinda vyote humo ndani, kwa hivyo usigundishe chumba cha betri kabla hujajua utanunua ipi. Uzani ukae robo mpaka theluthi ya upana wa bawa kutoka ukingo wa mbele, kwako ni sentimita 5 mpaka 6 na nusu. Anza na 5.

mwewe_wa_kisauni

Shukran sana ami. Chumba cha betri sijakigundisha, alhamdulillahi. Ni ya kutua kwa tumbo ndio, nimebandika tepu chini. Sasa hizi 18650 za jirani? Ziko nyingi na za bure.

binti_mtongwe

Kaka hizo za laptop ziache. Seli ya laptop nyingi ni 2200 mpaka 2600mAh na zimeundwa zitoe mara mbili ya hapo tu, ampea 4 mpaka 5. Wewe wataka 15 na kitu. Ukifunga tatu kwa mstari zitazama volti papo hapo, ESC itadhani betri imeisha ikate mota ndege ikiwa juu ya maji. Ukitaka zitosheleze itabidi ufunge tatu tatu sambamba, yaani seli 9, kila moja gramu 45 hivi, jumla gramu 400 na zaidi. Lipo ya 2200 ni kama 180. Ndege yatoka 950 yaenda karibu 1,200 na ile hesabu yote ya fundi yaanza upya, wati zaongezeka, mwendo wa kuanguka wapanda, na yote hiyo kwa ajili ya betri ya bure.

Seli zinazofaa ni zile za drili za chaji na vifaa vya nguvu, kwa mfano Samsung 25R, ni 2500mAh na yatoa ampea 20. Tatu tu za hizo ni gramu 135, nyepesi kuliko lipo, na kwa ndege ya kutembea taratibu zadumu. Ubaya zashuka volti zaidi ukifungua throtoli yote, kwa hivyo usitegemee ile nguvu ya ghafla. Zifungwe kwa mashine ya spoti (ile ya kuchomelea kwa vitone), sio kwa risasi na pasi ya soda moja kwa moja, joto lile laharibu seli ndani. Na usisahau waya za kusawazisha ili chaja iione kila seli.

Halafu mkiona 18650 yaandikwa 9900mAh mjue ni uongo mtupu, za kweli nyingi hazizidi 3500 hivi. Ziko nyingi mjini, ukiishika ni nyepesi mpaka waona aibu.

mwewe_wa_kisauni

Mh kumbe. Basi niende lipo mpya. C ngapi? Kuna 25C, 35C, 45C, bei zapanda tu. Na ile mota isiyo na maandishi nitaijuaje?

binti_mtongwe

Mota ni rahisi kama una drili ya stima na multimita. Shika shafti ya mota kwa drili, gamba lizunguke, izungushe kwa kasi iloandikwa kwenye lebo ya drili, tuseme 2,800. Weka multimita kwa volti za AC, gusa waya zozote mbili kati ya zile tatu, soma. Zidisha kwa 1.414 halafu gawa mizunguko kwa jibu hilo, ndio kv yako, kwa kukadiria. Drili nyingi hazifiki ile namba ya lebo kwa hivyo jibu laweza kuwa juu kidogo. Kama una kipima mizunguko cha mwanga tumia hicho.

C nitamwachia fundi.

fundi_wa_tudor

C ni mara ngapi ya uwezo wake betri yaweza kutoa. 2200 kwa 25C ni 2.2 mara 25, ampea 55 kwa karatasi. Mie namba za C nazigawa kwa mbili kila siku, na hata ukigawa wabaki na 27 na wewe wataka 16. 25C yatosha. Ukiona ya 45C ni nzito kuliko ya 25C kwa uwezo ule ule, mara nyingi huo uzito ndio ukweli wake, lakini wewe huuhitaji kuubeba. Usinunue kubwa pia, 3000 haitakuongezea raha, itakuongezea gramu.

Dakika: usitumie zaidi ya asilimia 80. 2200 yakupa 1760. Ukirusha kwa nusu throtoli wastani wa ampea 8, ni kama dakika 13. Kwenye kusi utafungua zaidi, weka saa ya remoti kwa dakika 8 utue, upime. Seli ikiwa imetulia isiwe chini ya 3.7 hivi. Chaji kwa 1C, ampea 2.2, kwa kusawazisha, na uko hapo hapo waiangalia. Ukiwa huirushi kwa siku kadhaa usiiache imejaa, ishushe mpaka 3.8 kwa seli. Kwa gari lilofungwa madirisha juani usiithubutu.

Kuhusu kuipata, kama mjini hakuna wapo wanaoagiza kutoka mtaa wa Luthuli Nairobi ikashuka na basi. Kama una jamaa anakuja kutoka Dubai kwa ndege, betri za ziada ni za mkononi tu, haziendi kwenye sanduku la chini ya ndege, na ncha zizibwe kwa tepu. Kikomo cha kawaida ni wati-saa 100 na hii ni 24 tu, lakini amuulize mwenye ndege kabla.

kipanga_bamburi

Kuhusu 10x4.7, kama ni ile nyembamba ya kupinda, ile aina kampuni ya propela APC huandika SF, ina kikomo cha mizunguko. Wenyewe APC wasema gawa 65,000 kwa kipenyo cha inchi, kwa ya 10 ni 6,500. Kwa hesabu ya fundi utaizungusha 8,000. Watu wairusha hivyo kila siku lakini mie sisimami mbele yake. Zile zilizoandikwa E kikomo chake ni zaidi ya mara mbili ya hapo.

fundi_wa_tudor

Naam, hilo lanipa sababu nyengine ya 9x6. Iwe ya E.

pwani_tu

Kwani lazima kipima wati? Si mtu arushe tu aone?

fundi_wa_tudor

Lazima si lazima, lakini bei yake ni ndogo kuliko mota na ESC. Hesabu zote hizi ni za kukadiria. Mota mbili zenye jina moja kutoka viwanda viwili hazili sawa, na propela za kuigiza hazina pichi iloandikwa. Kipima wati chaunganishwa katikati ya betri na ESC, ndege imefungwa au kashikwa na mtu kwa nyuma, hakuna kichwa wala mkono kwenye mstari wa propela, wafungua throtoli yote kwa sekunde 5 wasoma. Kosa hapo ni la pesa kidogo, kosa angani ni la ndege.

ami_wa_glo

Na mkono usiuweke mbele. Injini ya glo ikikupiga yazimika, mota ya umeme ikikupiga yaongeza nguvu. Propela ifungwe ya mwisho kabisa, servo zote zishajaribiwa.

mwewe_wa_kisauni

Wadau nimerudi. Lipo mpya ya 2200 25C imefika, kipima wati nimeazima. Betri imejaa, throtoli yote:

1000kv na 9x6 ya E: ampea 13.6, volti 10.9, wati 148.
1000kv na 10x4.7: ampea 16.1, volti 10.7, wati 172. Sikusimama mbele yake.
1400kv na 8x4: ampea 16.8, volti 10.7, wati 180, na kelele balaa, mama alitoka nje.

Ile isiyo na jina nimeizungusha kwa drili ya 2800 nikapata volti 2.1, hesabu yaja kama 943. Nadhani ni ile ya 920. Ila nati yake ya propela yakaza kinyume.

Sasa 148 si chini ya ile 160 mlosema? Niende 10x4.7?

binti_mtongwe

Mota ya drone hiyo, nyingi ni za 920. Ile nati ya kinyume imewekwa ijikaze mota ikizunguka upande mmoja tu. Ukiizungusha upande mwengine nati yafunguka yenyewe angani. Iweke akiba, na ukiitumia ujue yazunguka upande gani. Kubadili upande ni kubadilishana waya wowote wawili kati ya tatu za mota.

fundi_wa_tudor

148 kugawa 0.95 ni 156 kwa kilo. Kwa trena yatosha, hutapanda wima lakini utapanda. Usiende 10x4.7, utaongeza msukumo upoteze mwendo na kwa kusi hiyo ni biashara ya hasara. Ukitaka zaidi punguza gramu kwanza, hiyo tepu ya chini, waya za servo ndefu, gundi ya moto watu humwaga kama uji. Ukitoa gramu 60 umefika 166 kwa kilo bila kununua kitu.

Kitu kimoja cha kuangalia bado. ESC yako BEC yake (ile sehemu inayolisha umeme servo na risiva, yaani kipokezi cha remoti) ni ya aina gani? Kama ni ile ya kawaida ya volti 5 ampea 2, yashusha kutoka 12 mpaka 5 kwa kuchoma joto tu, na servo nne zikifanya kazi kwa pamoja kwenye upepo yaweza kuchoka, risiva izime. Wewe wakaa ufuoni kwenye upepo, servo hazipumziki. Izungushe mota nusu throtoli kwa dakika mbili huku wachezesha vijiti vyote, halafu iguse ESC. Ukiweza kuweka kidole bila kukitoa, sawa. Ikikuchoma, tafuta BEC ya nje ya ampea 3 na utoe ule waya mwekundu wa ESC unaokwenda kwa risiva.

mwewe_wa_kisauni

Nimeigusa, ni moto lakini kidole chakaa. Mota ni vuguvugu tu.

kipanga_bamburi

Basi iko sawa. Ukitoka ufuoni futa mota kwa kitambaa na uipulize, ile chumvi yala beringi polepole na mchanga wajikita kwenye sumaku ndani ya gamba. Na utafute mahali pasipo na watu, jumapili Nyali sio pa majaribio, watoto wamejaa. Mie huenda juu kule baada ya Mtwapa siku ya bamvua, maji yatoka mbali na mchanga unakuwa mgumu.

fundi_wa_tudor

Na upande wa Changamwe na Port Reitz usikaribie na kitu cha kuruka, ndege za watu zashuka hapo. Zisome kanuni za KCAA (mamlaka ya usafiri wa anga) za 2020 za vyombo visivyo na rubani, ukiwa na shaka waulize wenyewe kabla hujaenda.

mwewe_wa_kisauni

Nimewapata wote. 1000kv, 9x6 ya E, uzani kwa sentimita 5, mota chini 3 kulia 2, saa dakika 8. Gundi ya moto nimeanza kuikwangua, gramu 22 zishatoka.